Simu ikiibwa, usifunge laini peke yake
Umekaa dirishani kwenye matatu, simu iko mkononi, mara imenyakuliwa. Wengi wetu hukimbia kufunga laini, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini je, barua pepe ya biashara? Gmail, Outlook au Teams haingoji laini. Ikipata WiFi, inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mwizi akiona ankara ulizotuma, anamwandikia mteja wako: "Tumebadilisha till, lipa kwa hii mpya." Mteja ataamini, maana ujumbe umetoka kwako kweli. Ndiyo maana tunakushauri:

1. Leo, kabla hujapoteza simu, chukua misimbo ya akiba ya akaunti yako. Google hutoa 10. Iandike kwenye karatasi, uiache nyumbani. Bila hiyo, huenda ukaombwa uthibitishe kwa simu ile ile iliyoibwa!
2. Simu ikienda, azima ya mtu unayemwamini. Ingia kwenye akaunti, fungua sehemu ya usalama, ondoa simu iliyopotea, kisha badilisha nenosiri. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.
3. Kama barua pepe ni ya kampuni, mpigie anayeisimamia aifunge.
4. Waambie wateja wako till haijabadilika.

Na ukiletewa wewe till mpya kwa barua pepe, usilipe kwanza. Mpigie muuzaji kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa humo. Ukishaweka PIN, kurudisha pesa ni kazi ngumu.