Mwiba wa Taa

Likizoni pwani, baadhi yetu hujaribu kuvua kwa ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa uduvi. Ni burudani njema. Lakini mvuvi huyu husimama majini hadi magotini, juu ya mchanga ambamo taa hujifukia. Akikanyagwa, taa huchoma kwa mwiba wa mkiani wenye sumu, na maumivu yake ni makali mno.

Basi tuvae viatu, na tuburute miguu badala ya kuinyanyua. Taa akisikia mtikisiko hukimbia.

Aliyechomwa atolewe majini, na damu izuiwe kwa kitambaa safi. Kisha mguu utiwe katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hutuliza maumivu. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwani mwenye maumivu huweza kuungua asitambue. Wembe na kunyonya sumu tuviache kabisa!

Mwiba uliozama kifuani, shingoni au tumboni usichomolewe. Mgonjwa awahishwe hospitali. Hata jeraha dogo lionyeshwe zahanati, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na pengine sindano ya pepopunda itahitajika.