Uvuli, Kivuli na Wino Mmoja: Kutia Giza Katika Katuni kwa Programu Huria

Katuni ina historia ndefu jijini Nairobi. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst wakaasisi jarida la Joe. Mchoraji wa enzi hizo alitia giza kwa mistari ya kalamu, au kwa karatasi angavu zenye nukta alizozikata kwa wembe na kuzibandika. Mwanafunzi wa sasa anayetaka kuchapisha hadithi ya picha kwa bei nafuu aghalabu huishia River Road, mtaa ambao Meja Mwangi aliuandikia riwaya mwaka 1976, na huko ndiko kazi nzuri huweza kurudi ikiwa madoa matupu.

Sababu ni hii: mashine ya ofseti yenye wino mmoja haijui kijivu. Wino ama upo ama haupo. Kijivu tukionacho gazetini ni nukta nyeusi ndogo zinazolihadaa jicho. Mchoraji asipoziandaa nukta hizo mwenyewe, mashine itamwamulia.

Programu ya GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis wakiwa wanafunzi huko Berkeley, Marekani, yatosha kabisa kwa kazi hii, tena haidai leseni ya kununua wala nakala ya wizi. Mchoro wa wino huingizwa kwa skana kwa kipimo cha nukta 600 kwa inchi. Juu yake huwekwa tabaka jipya lililojazwa weupe, kisha tabaka hilo hupewa hali ya kuzidisha. Katika hali hii thamani ya kila pikseli huzidishwa kwa ile iliyo chini yake, kisha hugawanywa kwa 255. Nyeupe ni 255, hivyo haibadilishi kitu. Nyeusi ni 0, hivyo mstari wa kalamu hubaki mweusi hata ukipakwa kijivu juu yake.

Hapa lugha yetu inamfaa mchoraji. Napendekeza tutofautishe uvuli, yaani upande wa kitu usiofikiwa na mwanga, na kivuli, yaani giza ambalo kitu hicho hulitupa ukutani au ardhini. Uvuli upewe kijivu hafifu, kivuli kijivu kizito. Vijivu viwili vyatosha. Cha tatu hupotea katika karatasi duni. Vyote vikae katika tabaka moja, kwani 128 juu ya 128 huzaa 64, na pale vinapopandana giza huzidi bila kukusudiwa.

Hatimaye tabaka la giza peke yake hupitishwa katika kichujio kinachoigiza uchapaji wa magazeti. Nukta moja ikikaa katika mraba wa pikseli 10, tunapata safu 60 kwa inchi. Magazeti mengi hutumia takriban 85, lakini karatasi inayonyonya wino yahitaji nukta kubwa zaidi. Faili yenye matabaka ihifadhiwe kando kwa masahihisho.

Ukubwa wa ukurasa uamuliwe kabla ya nukta kutiwa. Fundi akisema, "Tuipunguze kidogo iingie," mchoraji na arudi kwenye faili yake ya matabaka, aupunguze mchoro kwanza, ndipo atie nukta upya. Nukta zikipunguzwa baadaye hugongana na kuzaa mawimbi usoni mwa mhusika, na hakuna wino uwezao kuyafuta.