Mbwa wa Kazi Ale Nini?

Akina mama wengi humpa mbwa ukoko wa ugali na mifupa, kisha hushangaa anapokonda. Mbwa anayeshinda amelala barazani huenda akavumilia. Lakini anayelinda nyumba usiku kucha, au anayefuata ng'ombe machungani, anahitaji chakula cha mfanyakazi.

Chakula cha nyumbani

Ugali mtupu hujaza tumbo lakini haujengi misuli. Uchanganye na dagaa, mayai au nyama, na mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta humpa mbwa anayekimbia nguvu nyingi. Nyama peke yake pia haitoshi, maana ina madini kidogo mno ya chokaa. Dagaa huliwa na mifupa yao, hivyo huyaongeza. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa hadi kuwa unga, husaidia vilevile.

Usimpe vitunguu, chokoleti wala mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha kali. Mahindi yenye kuvu yatupwe. Sumukuvu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 huharibu ini la mbwa pia.

Kama muuguzi, nakusihi zaidi kuhusu ini na mapafu mabichi. Viungo vya kondoo, mbuzi au ng'ombe vikiwa na vifuko vya maji, mbwa anayevila hupata tegu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, anaweza kuota uvimbe ndani ya ini au mapafu, ukakua miaka mingi bila dalili. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameteseka sana na ugonjwa huu. Viungo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe shimo refu, na vilivyo safi vichemshwe hadi viive kabisa.

Chakula kikavu cha dukani

Chakula kilichoandikwa kuwa ni kamili, tena kwa umri wa mbwa wako, kina protini, mafuta na madini kwa kipimo. Huokoa muda na kuni, ila bei yake ni kubwa. Kwa kuwa hakina maji mengi, bakuli la maji safi lisikauke. Funga mfuko vizuri, uuweke mahali pakavu.

Uchague kipi?

Fedha ikiruhusu, cha dukani ni rahisi kukipatia. Isiporuhusu, cha nyumbani kinafaa kikipangwa vizuri. Mwombe bwana mifugo akague mchanganyiko wako, akupe na dawa ya tegu. Ukibadilisha chakula, fanya polepole kwa siku 7 hadi 10. Usimlishe mbwa mara tu kabla au baada ya kukimbia, hasa mkubwa mwenye kifua kirefu, kwani tumbo laweza kujaa gesi na kujipinda.

Kila wiki mpapase mbavu. Ukizihisi kwa urahisi chini ya ngozi, anakula vya kutosha. Zikionekana zote kwa mbali, mwongeze chakula. Zisipohisika kabisa, mpunguzie.