Uhabeshi: Jirani Asiyetembelewa

Mtu wa Kenya aliyejiwekea akiba kidogo kwa ajili ya safari aghalabu hufikiri kwanza juu ya Dubai, au London, au Unguja. Nchi ya Uhabeshi, ambayo siku hizi yajulikana zaidi kwa jina la Ethiopia, haimjii moyoni, ilhali mpaka wake na Kenya waanza katika Ziwa Turkana na kufika hata Mandera. Ukimwuliza sababu atakutajia mbili: huko kuna vita, na huko mambo yamekuwa ghali. Sababu zote mbili zina ukweli ndani yake, na mtu yeyote asemaye kwamba ni uvumi mtupu ampotosha mwenziwe. Lakini ukweli nusu si ukweli wote, na nchi kubwa kama hiyo haifai kuhukumiwa kwa habari za jimbo moja.

Yafaa kwanza kusema wazi mambo yaliyotokea. Tarehe 4 Novemba 2020 vita vilianza katika jimbo la Tigray, kaskazini, kati ya jeshi la serikali na jeshi la chama kilichotawala jimbo hilo. Watu wengi mno walikufa, kwa risasi na kwa njaa. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi mjini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, na siku kumi baadaye majemadari wa pande zote mbili walikutana mjini Nairobi kupanga namna ya kuutimiza. Mmoja wa wapatanishi alikuwa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya hata mwaka huo. Kabla majeraha hayo hayajapona, mwaka wa 2023 mapigano mengine yalizuka katika jimbo la Amhara, kati ya serikali na wapiganaji waitwao Fano, na serikali ikatangaza hali ya hatari mwezi wa Agosti. Hali hiyo ya hatari ilifikia kikomo mwaka uliofuata, lakini mapigano hayakwisha pamoja nayo. Katika sehemu za Oromia nako wamo wenye silaha. Na tangu serikali ya Addis Ababa ilipotia sahihi mapatano na Somaliland, tarehe 1 Januari 2024, kwa kutafuta njia ya bahari, majirani wengine wameitazama kwa jicho la wasiwasi.

Basi, msafiri aende wapi? Asiende kwa motakaa katika barabara za Amhara, wala asijifanye shujaa kwenye mipaka ya Tigray au magharibi ya Oromia. Mji mkuu, miji ya Hawassa na Arba Minch, nchi ya Konso, na Harar upande wa mashariki ni mahali ambapo wageni wameendelea kufika katika miaka hiyo hiyo ya misukosuko. Lalibela iko Amhara, na aitakaye huipata kwa ndege kuliko kwa barabara. Hata kusini, kipande cha njia karibu na Bule Hora kimewahi kuwa na hatari, na busara ni kuuliza habari Moyale kabla ya kuondoka, kwa madereva wa malori ambao hupita huko kila juma. Mashauri ya ubalozi ni mazuri, lakini dereva huyajua ya jana.

Juu ya gharama, jambo kubwa lilitokea tarehe 29 Julai 2024, serikali ilipoacha thamani ya fedha yake, birr, ipangwe na soko. Kabla ya siku hiyo dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa birr 57 hivi katika benki. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita 120. Mwenye shilingi za Kenya, ambaye zamani alitoa zaidi ya shilingi mbili kupata birr moja, mwanzoni mwa mwaka wa 2025 alikuta fedha hizo mbili zimekaribia kulingana. Hiyo haina maana kwamba kila kitu kimekuwa nusu bei kwake. Petroli imepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, na hoteli kubwa huandika bei zao kwa dola, ambazo hazikushuka hata kidogo. Kiingilio cha makanisa ya Lalibela kwa mgeni kilikuwa dola 50 kwa miaka mingi, nazo si fedha za mchezo. Lakini mtu alaye chakula wanachokula wenyeji, akalala katika nyumba ya wageni iliyo safi bila fahari, atastahimili. Aliyeumia zaidi ni karani wa huko, ambaye mshahara wake hukaa pale pale huku bei ya teff ikipanda. Makarani wa Kenya hawahitaji kuelezwa habari za namna hiyo.

Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Uhabeshi. Pasipoti yamtosha, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ndege kutoka Nairobi hufika Addis Ababa kwa muda wa saa mbili hivi. Mwenye nafasi na subira apite nchi kavu. Kutoka Nairobi hata Moyale ni maili zipatazo 500, nayo njia ile ya Isiolo na Marsabit, iliyovunja migongo ya watu na magurudumu ya malori kwa miaka mingi, sasa ina lami. Mbele ya Moyale zimesalia maili karibu na hizo hizo. Mara tu upitapo mpaka, magari huhamia upande wa kulia wa barabara, na dereva aliyezoea Kenya yampasa kuwa macho.

Jambo moja litamfurahisha kila asemaye Kiswahili. Wahabeshi huhesabu saa tangu kuchwa na kuchomoza kwa jua, kama Waswahili wafanyavyo. Saa moja asubuhi ni saa moja, wala hapana haja ya kuongeza au kutoa sita kichwani. Wageni kutoka Ulaya huchelewa kwa sababu hiyo; mtu wa Kenya hujiona yuko kwao. Akumbuke tu kwamba tikiti za ndege huandikwa kwa saa za kizungu. Miaka nayo ina hesabu yake: mwaka una miezi kumi na mitatu, na tarehe 11 Septemba 2025 ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka wao wa 2018.

Kwa mkulima, nchi ya Konso peke yake yatosha kuwa sababu ya safari. Ni nchi ya vilima vikavu, mawe mengi, na mvua isiyoaminika, hali ambayo mtu wa Kitui au Machakos aifahamu. Watu wa Konso wameijengea milima yao kuta za mawe makavu, bila saruji wala udongo wa kushikiza, ngazi juu ya ngazi kutoka bondeni hata kileleni. Kuta nyingine hufika urefu wa futi 16. Kazi hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 400, vizazi 21, na mwaka wa 2011 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Ukuta ukibomoka kwa mvua, mwenye shamba huurudishia mara moja. Hulimwa mtama hasa, na kandokando hupandwa aina ya mlonge ambao majani yake hupikwa mboga kila siku.

Wazee wa Kenya wakumbuka jinsi matuta yalivyochimbwa kwa amri katika miaka ya 1940, na jinsi wanawake wa Murang'a walivyoikataa kazi hiyo mwaka wa 1947. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, bali amri ilikuwa chungu. Kule Konso hakuna afisa wa kilimo aliyepiga filimbi. Mkulima akitembea juu ya kuta hizo na kuona mtama umesimama katika udongo ambao ungekwisha chukuliwa na maji zamani, atajifunza zaidi ya yale aliyosomewa katika mikutano mingi.

Kaskazini ya hapo, kandokando ya njia iendayo Addis Ababa, kuna nchi ya Wagedeo, ambayo nayo iliandikwa katika orodha ile mwaka wa 2023. Huko shamba lafanana na msitu. Juu imesimama miti mikubwa, chini yake mibuni, na kati yake mmea uitwao enset. Mtu wa Kisii au wa Buganda akiuona atasema ni mgomba, naye atatafuta mkungu asiupate. Kiliwacho si tunda bali shina na kiazi chake, ambavyo hukwanguliwa, hufukiwa shimoni hata vichachuke, kisha hufanywa mkate uitwao kocho. Ladha yake ina ukali kidogo kwa asiyezoea. Fadhili yake ni kwamba mmea ukisha komaa hauna msimu. Husimama shambani kama ghala lenye uhai, na mwaka wa ukame mwenye nyumba hukata mmoja akala.

Tena kuna kahawa. Mkahawa wa arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi. Nchini Kenya mmea huo uliletwa na wamisionari wa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 19, na Waafrika walikatazwa kuupanda katika sehemu nyingi, hata miaka ya 1930 ambapo baadhi ya wakulima wa Meru, Embu na Kisii walipata ruhusa. Hata leo wako wakulima Kenya waliokuza kahawa maisha yao yote, wakaipeleka kiwandani, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai. Katika Uhabeshi nusu hivi ya kahawa yote hunywewa na wenyeji wenyewe. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, hukaanga buni mbele ya wageni, hupitisha moshi wake kila mmoja aunuse, hutwanga, kisha huchemsha katika chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena. Vikombe hutolewa mara tatu, na mara ya tatu huitwa baraka, neno ambalo msomaji hahitaji kutafsiriwa. Kuondoka kabla ya kikombe hicho si adabu njema. Mkulima wa Kenya aketi hapo saa nzima, aonje zao lake kama chakula cha nyumbani, si kama hesabu katika kitabu cha chama cha ushirika.

Addis Ababa ni mji wa baridi, juu futi 7,700 hivi, nao umejaa majengo mapya na kelele za ujenzi. Karani apendaye mambo ya siasa aende Jumba la Afrika, lililofunguliwa mwaka wa 1961 na kutengenezwa upya mwaka wa 2024, ambamo madirisha ya vioo vya rangi yaliyofanywa na Afewerk Tekle huonyesha Afrika ya mateso na Afrika ya matumaini. Humo ndimo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimoanzishwa tarehe 25 Mei 1963, Kenya ikiwa bado miezi saba kupata uhuru wake. Katika Makumbusho ya Taifa aulize habari za Dinknesh, ambaye Wazungu humwita Lucy, kiumbe wa miaka milioni 3.2 ambaye mifupa yake iligunduliwa mwaka wa 1974.

Wako pia wazee, au wana wa wazee, wenye sababu nyingine ya kuuona mji huo. Askari wa KAR walikuwa katika majeshi yaliyotoka Kenya kuwafukuza Waitalia, na majeshi hayo yaliingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Mfalme Haile Selassie alirudi tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouteka mji. Katika nyumba nyingi za Kenya zimehifadhiwa nishani za vita hivyo, na wajukuu hawajui zilipatikana wapi.

Harar ni mji wa Waislamu wenye ukuta wa karne ya 16 na misikiti 82 ndani yake, na usiku watu huwalisha fisi kwa mkono nje ya malango. Ikumbukwe kwamba Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walipata hifadhi kwa mfalme wa Uhabeshi, mwaka wa 615 hivi, naye alikuwa Mkristo. Lalibela ina makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba ulio hai, yakihusishwa na mfalme wa jina hilo aliyetawala yapata miaka 800 iliyopita. Kanisa la Mtakatifu Giyorgis limekatwa kwenda chini futi 40 hivi, umbo lake msalaba, na mtu husimama kwenye ukingo akitazama paa lake miguuni pake. Mji huo ulitekwa na wapiganaji mwezi wa Agosti 2021, ukabadilisha mikono zaidi ya mara moja. Waongozaji, wenye nyumba za wageni na wachonga misalaba wa pale hawana shamba lingine ila mgeni, na miaka ile hakuja.

Anayekwenda kanisani avue viatu, na wanawake wachukue shuka ya kujifunika kichwa. Jumatano na Ijumaa Wakristo wengi hufunga nyama na maziwa, kwa hiyo asikasirike akipewa dengu. Asipige picha za askari, madaraja wala viwanja vya ndege. Mvua kubwa hunyesha kutoka Juni hata Septemba. Noeli yao ni tarehe 7 Januari, na sikukuu ya Ubatizo ni tarehe 19 mwezi huo huo. Vyumba hujaa wakati huo, na karani anayetaka kuziona zote mbili yampasa kuomba likizo yake mapema, kabla wenziwe hawajaziandika siku zao za Krismasi.