Je, Wajua? Moshi wa Gari na Dumu la Maji

Wapo wabunifu wa mtaani wanaofunga dumu la maji nyuma ya gari na kuchomeka bomba la moshi ndani yake. Maji yanabubujika, baada ya muda yanakuwa meusi tii, na mwenye gari anachekelea. Je, wajua kwamba weusi ule ni masizi tu? Kaboni monoksaidi, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, haiyeyuki vizuri majini. Inapanda na viputo na kutoka juu salama salimini. Injini nayo, ikilazimika kusukuma moshi kwenye maji, inabanwa pumzi.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Migodini chini ya ardhi, moshi wa mitambo ya dizeli hupitishwa majini kweli, lakini hasa ili upoe na cheche zizimike.

Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, ila ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi. Ziada ni oksijeni ambayo injini imeivuta hewani. Kuyeyusha gesi hiyo kwenye maji ya nyuzi 20 kungehitaji zaidi ya lita 1,300, tena kama ingekuwa tupu, haikuchanganyika na kitu. Hapo tafuta boza, achana na dumu! Na lita hiyohiyo ya petroli huzaa karibu lita nzima ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Ndiyo yale matone ya asubuhi kwenye ncha ya bomba.

Dawa iliyofaa haikuwa kuosha moshi. Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alipata hataza mwaka 1956 ya kifaa kinachomalizia kuunguza gesi ndani ya bomba kwa msaada wa kichocheo. Kikakwama, kwa kuwa petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, nayo risasi huua kichocheo hicho. Kilienea kwenye magari ya Marekani ya toleo la 1975. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Ndani ya kifaa hicho mna masega ya kauri yaliyopakwa platini, paladi na rodi, gramu chache tu, na hayafanyi kazi sawasawa mpaka yapate moto wa nyuzi 250 na zaidi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitu cha bei ndogo. Zamani mvuke wa mafuta na petroli iliyopenya kutoka kwenye silinda ulimwagwa barabarani kwa kibomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ikaanza kuurudisha kwenye injini uungue tena, kwa mpira mmoja na kivali kidogo kama kidole. Gari lako huenda linacho. Injini ikishapoa kichomoe, kitikise karibu na sikio: kikilia chaka-chaka bado kinacheza, kikinyamaza, kimeganda kwa uchafu.