UZI: Shanga ni za mama, hati ni ya baba. Utalii wa jamii unamfaidi nani?

1/ Kila msimu wa kampeni lazima uisikie hii: "Utalii utainua akina mama wetu." Kikundi cha akina mama kinacheza, mheshimiwa anavishwa shanga, msafara unaondoka. Nasoma sayansi ya siasa, na hii ahadi nimeisikia mpaka nikaamua kuifungua nione iko na nini ndani. Twende polepole.

2/ Kwanza, utalii wa jamii ni ule ambao ardhi au kivutio ni cha wenyeji, wao ndio wanakaribisha wageni na mapato yanabaki kwao. Hoteli ya tajiri iliyoajiri vijana wawili wa kijiji kuwa walinzi haihesabiki. Na ili udumu, wanaotunza mazingira lazima wawe na sababu ya kuendelea kuyatunza.

3/ Chukua Mara. Kando ya hifadhi kuu kuna konsavansi: wenye mashamba wanaunganisha ardhi, wanaikodisha kwa kampuni zenye kambi za watalii, wanalipwa kulingana na ekari. Ol Kinyei ilianza 2005, Naboisho 2010. Mpango mzuri. Wanyama wanapata nafasi, mwenye shamba anapata hela.

4/ Disemba nilikuwa Narok, kwao rafiki yangu wa chuo. Mamake alikuwa anashona mkufu wa kuuzia wageni. Nikamuuliza, "Mama, shamba linalipwa ngapi kwa mwezi?" Akacheka. "Hiyo muulize baba yenu." Amekaa kwa hilo shamba miaka yake yote ya ndoa.

5/ Ilikuwaje hivyo? Mengi ya mashamba hayo yalikuwa ranchi za kikundi, chini ya sheria ya 1968. Kwenye daftari za wanachama waliandikwa zaidi wanaume, kama wakuu wa boma. Ranchi zikagawanywa, hati zikafuata daftari. Leo malipo yanafuata hati. Hakuna mtu aliamka asubuhi akasema wanawake wasilipwe. Daftari la zamani lilishasema.

6/ Sasa angalia kazi. Nyumba ya Kimaasai ambayo mgeni analipa kuja kuiona hujengwa na mwanamke. Shanga ni yeye. Kuni na maji pia ni yeye, kwa hivyo sehemu ikifungwa kwa ajili ya wanyama, anayetembea mbali zaidi ni yeye. Gharama anabeba, kwa mkataba hayumo.

7/ Korona ya 2020 ilitufunulia hili. Wageni walipokosekana, konsavansi zilikaa chini na wenye ardhi kujadili malipo yapunguzwe kiasi gani. Muuza shanga hakuwa na cha kujadili. Mgeni hakuja, basi.

8/ Najua mtasema: "Hela ya baba si inalisha nyumba yote?" Mara nyingi ndiyo, karo inalipwa, chakula kinanunuliwa. Lakini muulize mjane ambaye hati imeenda kwa shemeji. Faida inayotegemea roho nzuri ya mtu haina ulinzi.

9/ Na wale wa "ni utamaduni, wanawake hawawezi kuendesha": Umoja, Samburu, ni kijiji kilichoanzishwa 1990 na wanawake wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Wanapokea wageni, wanauza shanga, wana kambi. Kule Wasini, Kwale, kikundi cha akina mama kinaendesha daraja la mbao linalopita kwenye mikoko na bustani ya matumbawe. Kiingilio wanapokea wao, kwa hivyo mikoko ikikatwa, wanaopoteza ni wao. Hapo ndipo utalii na mazingira vinashikana.

10/ Sheria inasemaje? Katiba, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye sheria na mila za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkutano wa jamii ni wa watu wazima WOTE, na mkataba wa mwekezaji hauna nguvu bila kukubaliwa na thuluthi mbili ya mkutano huo. Kwa hivyo wazee watano chini ya mti hawatoshi.

11/ Mapengo mawili. Moja: sheria hiyo haigusi mashamba yaliyokwisha kugawanywa yakawa na hati za watu binafsi, kama mengi ya Mara. Huko dawa ni majina mawili kwa hati, na hilo linaruhusiwa tayari. Mbili: aliyeoa au kuolewa ndani ya jamii anakuwa mwanachama, lakini mjane akiolewa tena, uanachama unaisha. Kwa mwanamume aliyefiwa na mke, sheria haisemi hivyo. Hiyo ni kazi ya bunge.

12/ Kwa hivyo akija tena na ile ahadi, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni:
– Daftari la wanajamii lina wanawake wangapi?
– Kwenye kamati ya ardhi, nani anatia sahihi?
– Malipo yanaingia akaunti ya nani?
– Ile ya mjane, utaileta bungeni lini?

Akijibu yote manne, mvisheni shanga. Akishindwa, mwuzieni, alipe kama mtalii.