Shata Haitaki Mafuta

Kamera ya dijitali yenye kioo ikigoma kupiga, hitilafu huwa kwenye betri, au kwenye mota inayoinua kioo na kukaza springi, au kwenye kioo chenyewe, au kwenye mapazia mawili ya shata yaliyo mbele ya sensa. Dalili za hitilafu hizi hufanana, ndiyo maana kamera nyingi hufunguliwa mahali pasipohusika. Kwa wapiga picha wa Kirotshe na wenzao wa barabara ya ziwa kutoka Sake hadi Minova, wanaokula kwa picha za harusi, ubatizo na kitambulisho zilizopigwa kwa kamera za okazi, swali linalorudi mezani kwa fundi kila mara ni moja: mapazia yatiwe mafuta gani? Jibu ni kwamba yasitiwe yoyote. Mafuta ya cherehani hayafai, esansi haifai, manukato hayafai, wala dawa ya kupuliza ya kulegeza bolti zenye kutu.

Imani ya kutia mafuta haifi kwa sababu ina mzizi wa kweli. Kamera za filamu za Canon za kundi la A, kuanzia AE-1 ya mwaka 1976, zilipozeeka zilianza kutoa mlio wa kukwaruza kila zinapopiga. Mlio ulitoka kwenye gia ndogo za kutuliza kioo zilizokauka, na tone la mafuta mepesi lililofikishwa hapo kwa sindano liliuondoa. Tiba ya gia zile, katika kundi lile la kamera, ikasambaa hadi ikawa tiba ya kila chombo chenye kitufe cha kupigia picha. Anayedondosha mafuta leo kupitia mdomo wa lenzi wa kamera ya dijitali hayapeleki kwenye gia yoyote. Yanatua juu ya mapazia, mahali ambapo mtengenezaji alihakikisha ni pakavu.

Kila pazia limeundwa kwa vibamba vyembamba vinavyopishana na kulaliana vinapojikunja. Katika kamera yenye sensa ya ukubwa wa APS-C, pazia hushuka kimo cha milimita 15 hivi kwa muda wa milisekunde tatu au nne. Kwa kasi ya 1/4000 pazia la pili halingoji la kwanza lifike mwisho: hufuata nyuma yake kwa robo ya milisekunde, na mwanga hupita katika upenyo wa milimita moja tu unaotembea juu ya sensa. Pazia la pili likichelewa robo nyingine ya milisekunde, sensa imepata mwanga maradufu. Ucheleweshaji wa kiasi hicho hauhitaji kutu wala kuvunjika kwa kitu. Utando wa mafuta usioonekana kwa macho unatosha kuuleta, kwa kuwa vibamba viwili vyenye umajimaji hushikana kama vipande viwili vya kioo cha dirisha vilivyolowa. Aliyetia mafuta ili vibamba viteleze amevigandisha.

Madhara hayaishii hapo. Mapazia huachiliwa na sumaku ndogo za umeme: umeme ukikatika, sumaku inaachia na springi inavuta. Uso wa sumaku hizo lazima uwe safi kabisa. Mafuta yakiufikia, kibati chake hung'ang'ania hata baada ya umeme kukatika, na picha huanza kutoka zikiwa na mwanga uliozidi au uliopungua. Pembeni mwa chumba cha kioo kuna brashi ndogo za shaba zinazoteleza juu ya njia za umeme ili kuijulisha kamera gia zimefika wapi. Brashi zikipakwa mafuta na uchafu, kamera haijui tena kioo kiko juu au chini, inasimama, na Err inatokea kwenye skrini. Kamera iliyoletwa na tatizo la pazia sasa ina matatizo matatu.

Halafu lipo vumbi. Vumbi la makoro, ambalo kila gari huliinua barabarani na kila upepo kutoka volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira huliongeza, ni unga wa kioo cha volkeno na chembe za madini. Likiingia ndani ya kamera kavu, sehemu kubwa hutoka kwa kipulizio cha mpira. Likikuta mafuta, halitoki. Shata ya namna hiyo ikifunguliwa, huonekana ute mweusi umejikusanya kwenye kona vibamba vinapojikunja, na mistari ya mikwaruzo inayong'aa mahali rangi nyeusi ilipokuwa. Rangi hiyo ikishatoka, vibamba vinaakisi mwanga, na usafi wowote hauirudishi.

Mafuta yaliyobaki hurushwa kwenye sensa. Jambo hilo si la kubuni: Nikon D600 ilipotoka mwaka 2012, wenyewe waliona madoa ya vumbi na mafuta kwenye picha baada ya matumizi mafupi. Oktoba 2013 ikaja D610 yenye shata mpya, na Februari 2014 kampuni ikatangaza kuzisafisha D600 na kuzibadilishia shata bila malipo. Hicho kilikuwa kiasi kidogo mno cha kilainishi, tena cha kiwandani. Tone la mafuta ya cherehani ni mara nyingi zaidi ya hapo.

Watetezi wa esansi na manukato husema vyenyewe hukauka. Hukauka, lakini huacha masalio, na esansi hushambulia plastiki na rangi. Hata alkoli ya hospitali ya asilimia 70 ina maji yanayobaki katikati ya vibamba. Kinachowadanganya ni kwamba umajimaji wowote hulegeza uchafu kwa dakika chache. Kamera inapiga picha ishirini mbele ya mteja, mteja analipa, na Jumamosi inakufa harusini kabla ya keki kukatwa. Anayebaki kujieleza kwa maharusi ni mpiga picha.

Upimaji sahihi hauhitaji kufungua chochote. Betri iliyojaa, ya kuaminika, iwekwe kwanza, maana kioo kilichobaki juu mara nyingi kimekosa nguvu ya kurudi tu. Lenzi itolewe na kamera ijaribiwe kupiga bila lenzi. Ikipiga vizuri, kosa liko kwenye lenzi au miguso yake, na katika Canon hilo ndilo Err 01 husema. Err 30 inaelekeza kwenye shata, Err 20 kwenye mitambo kwa jumla, na kamera za zamani hukusanya karibu yote katika Err 99. Kisha hali ya Live View iwashwe: kioo kikiinuka na skrini ikaonyesha picha, mapazia yamefunguka na sensa ni nzima. Kioo kikiinuka na skrini ikabaki nyeusi, ichunguliwe kama pazia bado limefunga. Mwisho, ukuta mweupe upigwe picha nje kwenye mwanga wa jua, bila flashi, kwa 1/60, 1/500 na 1/4000. Mstari mweusi au mweupe unaoongezeka kasi inapopanda ni pazia linalochelewa.

Majaribio hayo yafanywe bila flashi kwa sababu nusu nyeusi ya picha iliyopigwa kwa flashi si ugonjwa. Canon 600D huishia 1/200 kwa flashi ya kawaida, na flashi za bei nafuu zisizozungumza na kamera haziizuii kupita hapo. Kasi ishushwe hadi 1/160, na kamera "mbovu" imepona bila bisibisi.

Kwa kioo, doa linaloonekana mtu anapochungulia lakini halipo kwenye picha liachwe, kwa kuwa tabaka linaloakisi liko juu ya kioo na hukwaruzika kwa kitambaa. Kioo kilichobanduka ni suala la gundi: Canon EOS 5D ya mwaka 2005 ilijulikana kwa hilo hadi kampuni ikatangaza kuitengeneza bure. Kukibandika upya kunahitaji pembe ileile, la sivyo fokasi itapotea. Kamera isiyopata fokasi baada ya kuanguka ichunguzwe kioo kidogo kilicho nyuma ya kile kikubwa.

Pazia likiwa limepinda au kuchanika, shata nzima ibadilishwe, vibamba havinyooshwi. Gia ya plastiki ikivunjika, chumba kizima cha kioo kibadilishwe, na kamera ya aina ileile yenye sensa iliyokufa ndiyo chanzo rahisi cha kipuri, hasa tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025. Bei ya kipuri pamoja na kazi ikizidi nusu ya kamera nyingine ya okazi, inunuliwe nyingine. Ahadi za kiwanda kuhusu idadi ya picha, 100,000 kwa Nikon D90 na 150,000 kwa Canon 7D, hazimaanishi kwamba shata hufa ikifika hapo. Katika Canon 5D Mark II, hali ya kimya ya Live View hutumia pazia la kwanza la kielektroniki na inaweza kumaliza kazi ya siku pazia la kwanza la kawaida likisumbua. Fundi anayefungua kamera yenye flashi ya ndani aondoe kwanza chaji ya kapasita, inayofikia volti 300 hivi na kubaki hata betri ikiwa imetolewa. Baada ya shata mpya, picha za ukuta zirudiwe kwa kila kasi mbele ya mwenye kamera, kabla ya fedha kulipwa.